Mzunguko wa Baiskeli Kando ya Mto Karura

Mji wa Nairobi ulipewa jina na maji. Wamasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao mahali hapa, kabla reli haijafika wala nyumba ya bati haijasimamishwa, walipaita Enkare Nyirobi, maana yake maji baridi. Na jina hilo, lililotokana na kiu ya mifugo, ndilo tunaloliandika leo juu ya bahasha na juu ya mabango ya kiwanja cha ndege. Walakini wengi wetu tukaao mjini humo twaweza kuupitisha mwaka mzima bila ya kuuona mto hata mmoja, ila kwa kuuchungulia kutoka dirisha la matatu, juu ya daraja, katikati ya foleni, na aghalabu tuuonapo huona taka kwanza na maji baadaye. Nimeomba dakika chache za jioni hii niseme nanyi juu ya mto mmoja ambao bado wafikika kwa miguu, na kwa raha zaidi kwa baiskeli, na juu ya tadbiri ya kupanga mzunguko utakaomtoa mtu langoni, ukampitisha chini ya miti, ukamfikisha mtoni, kisha ukamrudisha pale pale alipotoka hali angali na nguvu ya kutabasamu.

Mto wenyewe ni Karura, nao hupita ndani ya msitu wenye jina lilo hilo, kaskazini ya mji, ambao sehemu yake kubwa imelala kati ya barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu. Msitu huu una zaidi kidogo ya hekta 1,000, na ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932. Ndani yake mna miti ya asili, kama vile mihugu, ambayo ubao wake mgumu hutafutwa mno na wachongaji wa vinyago; mna mikaratusi na misindano, miti ya kigeni iliyopandwa kwa safu kama askari; mna mianzi mabondeni, na juu ya matawi mna mbega wenye mabega meupe, ambao walihamishiwa humo kutoka upande wa Kipipiri katika muongo uliopita, na mna hondohondo ambaye mtu husikia kishindo cha mbawa zake kabla hajamwona. Njia za msituni, ukiziunga zote, zazidi kilomita 50. Kwa hiyo apangaye mzunguko hana dhiki ya njia. Dhiki yake ni kuchagua.

Lakini kabla sijafika kwenye uchaguzi huo, yanipasa niseme kwa nini njia hizo zipo. Katika mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu huu zilikwisha gawiwa watu binafsi wajenge majumba, na miti ilikwisha anza kuangushwa. Marehemu Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 1977 aliasisi Green Belt Movement, aliingia msituni pamoja na wenziwe wakiwa na miche mikononi, wakapanda mahali palipong'olewa. Tarehe 8 Januari 1999 walirudi tena, wakiwamo wabunge na waandishi wa habari, wakakuta lango limezuiwa na kundi la walinzi wenye silaha, wakapigwa. Yeye mwenyewe akapasuliwa kichwa. Habari ile ilienea ulimwenguni, wanafunzi wa vyuo wakatoka barabarani, na mwaka ule ule Rais Moi akatangaza kwamba ugawaji wa ardhi ya umma umesimamishwa. Msitu ukasalimika, ila kwa miaka mingi baadaye ulibaki kuwa mahali pa hofu, ambapo mtu mwenye akili zake hakuingia peke yake, sembuse kuingia na mtoto. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua mlango wa jamii kushirikiana na serikali katika kutunza misitu. Ikaundwa jumuiya ya marafiki wa Karura, ukazungushwa ua wa umeme, wakaajiriwa walinzi kutoka vitongoji vya jirani, zikafunguliwa njia, na baiskeli zikaingia. Basi mwenye kuendesha baiskeli Karura leo hana budi kukumbuka kwamba ardhi iliyo chini ya tairi lake ililipiwa kwa damu, na kumbukumbu hiyo yapaswa kuingia katika mipango yake, kama nitakavyoeleza.

Mimi nilianza kwa ramani na uzi. Nilitandaza mezani ramani ya msitu ambayo sentimita 1 ya karatasi ni mita 100 za ardhi, nikachukua uzi wa cherehani, nikauchovya majini ili ulale na usikunjamane, nikaufuatisha juu ya njia niliyoitaka, nikiubana kwa pini kila mahali njia inapokata kona. Nilipokwisha niliunyoosha uzi juu ya rula, nikapata sentimita 94, yaani kilomita 9 na mita 400. Nilifurahi sana. Kilomita 9 na ushei, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu asiye na haraka, pamoja na kituo kirefu kwenye maporomoko ya maji na kituo kifupi cha chai, ni asubuhi moja ya Jumamosi iliyojaa vizuri. Uzi haukuniambia uongo juu ya masafa. Ila uzi haujui mlima, na juu ya ramani ile ile kulikuwa na mistari myembamba ya miinuko ambayo mimi, katika furaha yangu, niliipitishia macho tu.

Tulikwenda watu wanne: mimi, dada yangu, binti yake wa miaka kumi, na mzee mmoja jirani yetu, ambaye alikuja na baiskeli yake nyeusi nzito isiyo na gia, yenye karia pana ya nyuma, ile ambayo watu wa hapa huiita Black Mamba, na ambayo imebeba maziwa na sukuma wiki na magunia ya viazi katika nchi hii kuliko chombo kingine chochote cha magurudumu mawili. Kuteremka mtoni kulikuwa starehe tupu. Njia ilikuwa pana na ndefu, yenye kuinama kidogo kidogo, na yule binti alinyanyua miguu kutoka kwenye pedali akaimba. Tukakaa mtoni, tukala, tukapumzika. Kisha tukaanza kurudi, na njia niliyoichagua ya kurudi ilikuwa fupi, iliyosimama kama ngazi, ya udongo mwekundu ulionyeshewa usiku. Mzee alishuka baada ya hatua ishirini akasukuma, na baiskeli ile iliyobeba magunia miaka yote sasa ilimrudisha nyuma; dada yangu akashuka; binti akajitahidi, tairi la nyuma likateleza, akaanguka ubavu. Hakuumia. Alipojifuta matope magotini aliniuliza, "Mjomba, mto ulikuwa mzuri, lakini mbona njia ya kurudi umeiweka ukutani?" Sikuwa na jibu, nami nililibeba swali lile mpaka nyumbani.

Jibu nililipata nilipoirudia ramani usiku, safari hii nikiitazama mistari ya miinuko kabla ya kushika uzi. Bonde la mto ni bonde: ukiteremka, utapanda, na hapana ufundi wa kuliondoa jambo hilo. Ila mpangaji anayo hiari juu ya mambo mawili, nayo ni njia ipi iwe ya kuteremkia na ipi iwe ya kupandia. Njia ile ile, masafa yale yale, nikigeuza upande wa kuzunguka tu, basi ule ukuta mfupi wa udongo mwekundu unakuwa mahali pa kushuka kwenye baiskeli na kutembea nayo dakika tano asubuhi, miguu ingali mipya, huku mkono u juu ya breki. Na ile njia pana ndefu yenye kuinama kidogo inakuwa njia ya kurudia, ambayo hata Black Mamba yaweza kuipanda mwenyewe akiwa amekaa juu ya tandiko. Tulipokwenda mara ya pili kwa upande huo, mzee hakushuka hata mara moja katika kurudi.

Wajenzi wa njia za baiskeli wanazo kaida zao katika jambo hili, nazo zafaa kujulikana na kila mtu. Njia isipande moja kwa moja mgongoni mwa kilima, bali ikikate kilima ubavuni. Mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa kilima chenyewe. Na kwa wastani wa safari nzima usizidi kupanda mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo. Kaida hizi zamsaidia mpandaji, lakini asili yake ni maji. Njia inayopanda moja kwa moja hugeuka mfereji: mvua ya masika ikishuka, maji huona mlango wazi, huukimbilia, hubeba udongo wa juu, na baada ya misimu miwili au mitatu njia imekuwa handaki lenye mizizi wazi, na waendao kwa baiskeli huanza kupita kando yake, nako wakachimba handaki la pili. Njia inayokata kilima ubavuni, iliyoinamishwa kidogo sana upande wa bondeni, maji huivuka badala ya kuifuata. Mwenye kutaka kuona tofauti hii na aende Karura siku ya pili baada ya mvua kubwa, aangalie ni wapi majani makavu yamelala vile vile yalivyoanguka, na ni wapi yamekusanywa kwenye lundo mwishoni mwa mteremko.

Hapa nafika penye ikhtilafu yangu na waendeshaji wengi wa baiskeli, nami nasema rai yangu bila ya kuificha. Watu wakisikia mzunguko wa kando ya mto hutaka njia ishikane na mto kama uzi na kitambaa, mita baada ya mita, maji yakionekana wakati wote. Mimi nasema huko ni kuudhulumu mto, na tena ni kujinyima utamu. Ukingo wa mto ni udongo laini ulioshikwa na mizizi ya miti na matete, na tairi lipitalo hapo kila siku hukata mizizi, huudidimiza udongo, na maji huja kuuchukua. Kanuni za maji za Kenya zimeweka ukanda wa kulindwa kando ya mto usiopungua mita 6, nao waweza kufika mita 30, na kanuni hizo hazikuwekwa kwa ajili ya wajenzi wa maghorofa peke yao. Njia njema hukaa juu kidogo, kwenye bega la bonde, ambako mtu husikia mto bila ya kuuona, kisha mara tatu au nne katika safari huteremka ikaugusa mahali pagumu: kwenye mwamba, kwenye daraja, kwenye uwanda wa changarawe. Kwa njia hiyo kila mkutano na maji huwa mkutano kweli, kwa sababu umeungojea.

Mkutano mkubwa katika Karura ni maporomoko. Sisi huziacha baiskeli juu, tukazifunga pamoja kwa mnyororo kwenye mti, tukateremka kwa miguu. Kwanza hubadilika hewa: shingoni hupiga ubaridi ambao haukuwapo hatua kumi nyuma, na harufu ya vumbi na karatusi huondoka, ikaja harufu ya jiwe lililoloa. Kisha waonekana mwamba mweusi, na maji yakiuangukia kutoka kimo kinachoshinda nyumba ya ghorofa tatu, si kwa wingi wa kutisha, bali kama shuka iliyoanikwa inayopeperushwa na upepo. Mwezi wa Januari shuka hiyo ni nyeupe. Mwezi wa Aprili ni nyekundu kama chai ya maziwa iliyokolea, kwa ajili ya udongo wa mashamba ya juu. Mizizi ya miti imeteremka juu ya jabali kama vidole. Hapo karibu yako mapango, na husimuliwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijisitiri humo wakati wa vita vya kudai ardhi na uhuru. Mara moja niliona pembeni mwa kidimbwi povu jeupe zito, lisilo povu la mto bali la sabuni, lililotoka mitaani huko juu, nalo lilizunguka mahali pamoja bila ya kuvunjika kwa muda wote tuliokaa. Nalitaja kwa sababu binti yule aliliona kabla yangu, na aliuliza linakwenda wapi.

Nami niliyezaliwa pwani nilifurahi kwamba swali hilo nalijua jibu lake. Maji ya Karura huingia katika mto Nairobi, na mto Nairobi huingia katika Athi, na Athi ikishaikata nchi kavu ya Ukambani na kupita Tsavo huitwa Galana, na Galana ikikaribia bahari huitwa Sabaki, na Sabaki hutoka baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Ule wekundu unaotapakaa juu ya bahari ya Malindi wakati wa mvua, ambao wavuvi huutazama kujua siku ya kutega na siku ya kukaa, una sehemu yake, ndogo lakini ya hakika, iliyotoka chini ya njia mbovu na ukingo uliokatwa huku juu. Ndiyo sababu mazungumzo ya mwinamo wa njia si mazungumzo ya starehe peke yake.

Adabu ya njiani yahitaji maneno machache. Aendaye kwa miguu ana haki ya kwanza, na kengele yafaa ilie mapema na kwa upole, si mgongoni pa mtu. Wanyama nao wana haki yao, na mbwa waliofungwa kamba ni wa kupishwa kwa kusimama. Njia panda za Karura zina nguzo zenye namba, na mpangaji aandike namba hizo kwa mfuatano juu ya kipande cha karatasi, akifunge kwenye usukani, kwani simu huishiwa moto na karatasi haiishiwi. Katika msafara wa watu wengi, aliye mnyonge kabisa ndiye awekwe mbele, naye ndiye apige mwendo. Akiwekwa nyuma, wenye nguvu humngojea juu ya kilima wakiwa wamekwisha pumzika, na yeye akifika tu huondoka, hivyo huwa ni yeye pekee asiyepumzika, ilhali ndiye mwenye haja. Vifaa vya njiani vyajulikana: pampu, kiraka na solosheni yake, maji, na kitu cha kujifunika mvua. Siku za mvua kubwa ni bora kukaa nyumbani, kwa ajili ya njia zaidi kuliko kwa ajili ya nguo.

Lililobaki ni lile lililonifanya niombe nafasi hii. Jiji laendelea kufungua kingo za mito yake na kupanda miti upya, na katika miji mingine ya nchi hii kuna mito na misitu midogo inayongoja kufanyiwa jambo kama lililofanyika Karura. Kila mahali patakapopangwa mzunguko, watakuja wataalamu wa kupima, na watakuja vijana hodari wenye baiskeli nyepesi zenye gia nyingi, nao wataipita njia kwa nusu saa na kusema kwamba ni nzuri. Wasikilizwe, maana wanajua mambo mengi. Lakini kabla nguzo ya kwanza yenye namba haijachimbiwa, nawaomba wenye madaraka hayo wamwalike mzee mmoja mwenye Black Mamba na mtoto mmoja wa miaka kumi, wawape maji ya kunywa na asubuhi nzima, wawafuate nyuma polepole wakiwa na daftari, na kila mahali ambapo wawili hao watashuka na kusukuma, wapatie alama ya chokaa, kisha warudi kwenye ramani.